Hercules na MVS 3.8j: nimeitumia kufundishia terminali zilizoganda

Niseme mapema: programu hii ni ya bure, na kwa kazi niliyoitakia ningeilipia. Ila kuna watu sitawashauri waipakue, nitawafikia huko chini.

Mimi ni mtu wa zamu za usiku. Nakaa Kisasa, hapahapa Dodoma, naangalia konsoli (skrini ya kutoa amri) ya meinifremu, ile kompyuta kubwa inayohudumia watu wengi kwa pamoja, iliyo nje ya nchi. Zamu nyingi ni kimya. Kinachonikurupusha ni simu ya namna moja: terminali au printa ya tawi fulani imepewa amri ya kuzimwa kwenye VTAM (programu ya meinifremu inayosimamia mawasiliano na terminali), amri imepokelewa, halafu basi. Haijazimika, wala kuitumia haiwezekani. Nikaletewa kijana aliyemaliza UDOM nimpe mafunzo ya kazi hii, na mambo kama hayo humfundishii mtu kwenye mtambo wenye wateja wa watu. Ndipo nikaiweka Hercules.

Kwa asiyeifahamu, Hercules ni emuleta (programu inayoigiza mashine) ya meinifremu za IBM iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999. Kuiweka z/OS, mfumo endeshi wa sasa wa meinifremu, humo kunataka leseni ya IBM, kwa hiyo sisi wengine tunaendesha MVS 3.8j, mfumo wa mwaka 1981 ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia. Usihangaike kuujenga mwenyewe. Chukua furushi la TK4- au mrithi wake TK5, limeshapangwa kila kitu mpaka watumiaji. Unawasha, unaunganisha c3270 (programu ya kuigiza terminali) kwenye poti 3270, unaingia kama HERC01 kwa neno la siri CUL8TR (yaani "see you later"; wazee wa fani hii nao wana utani wao). Kumbukumbu inayotaka ni MB 16, kwa hiyo laptopu kuukuu inatosha na chenji inabaki.

Sasa utamu wenyewe. Laptopu yangu yenye Hercules inakaa kwenye betri, na ruta nayo ina kibetri chake. Kijana nilimpa kompyuta ya mezani isiyo na betri wala UPS. Anaingia TSO, sehemu ya MVS ambamo mtumiaji anafanya kazi zake kwa terminali, anafungua faili, anaanza kuhariri. Hapo nachomoa waya wa umeme wa kompyuta yake, na siku nyingine hata sihitaji kuchomoa, umeme wenyewe unanisaidia. Kompyuta ikifa ghafla namna ile haipati nafasi ya kufunga muunganisho wa TCP. TSO bado inaamini kuwa HERC01 ameketi pale kwenye terminali 0C0, anafikiri.

Nikamwambia aende kwenye konsoli aizime ile terminali, ambayo VTAM inaiita CUU0C0: V NET,INACT,ID=CUU0C0. Amri ikapokelewa. Tukasubiri.

"Dada, imeganda."

"Nani kaishika?"

Akanitazama. Kidole kilikuwa kinaelekea kuandika amri ileile tena, mara hii na I mwishoni ili ikatwe papo hapo. Nikamzuia, nikamwambia aitazame kwanza. D NET,ID=CUU0C0,E ikatuonyesha hali ya terminali, na D TS,L ikamtaja HERC01 kuwa bado yumo ndani. Kumbe VTAM ilikuwa inafanya ilichoagizwa. INACT ya kawaida haimfukuzi mtu, inangoja kikao (mawasiliano kati ya terminali na programu) kiishe chenyewe, na kikao kile hakikuwa na mtu wa kukimaliza. Akaandika C U=HERC01. TSO ikamtoa, kikao kikafungwa, na ile amri ya mwanzo ikajikamilisha bila kuguswa: ukaja ujumbe IST105I, CUU0C0 haitumiki tena. V NET,ACT,ID=CUU0C0, terminali ikarudi hai.

Kwa somo hilo peke yake naipa Hercules alama zote. Hakuna kitabu kitakachomwonyesha mtu amri iliyokwama ikimalizika yenyewe baada ya kumwondoa anayeizuia kwa upande wa pili.

Somo jingine ni la V 0C0,OFFLINE. Kijana alidhani akishindwa kwa VTAM atapitia MVS, akiondoe kifaa chenyewe. Haikukubali, kwa sababu VTAM ndiyo iliyokishika kile kifaa, na MVS haiwezi kukiachia mpaka VTAM iachie kwanza. Nimewaona watu wazima kazini wakipiga amri hii na kushangaa.

Sasa mapungufu, na si madogo.

VTAM ya humo ni ya kabla ya ACF/VTAM, toleo lililoifuata. Kwenye z/OS unaongeza TYPE=IMMED au TYPE=FORCE kwenye amri ya INACT, na tofauti yake ndiyo inayoumiza watu. IMMED inakata vikao lakini bado inangoja kifaa kijibu. FORCE haingoji jibu: VTAM inasafisha majedwali yake na kuendelea na maisha, hata kama kifaa au programu ya upande wa pili bado inadhani kikao kipo. Ukiizoea FORCE, terminali inazimika haraka, kisha unahangaika nusu saa kuiwasha. Vilevile z/OS inakupa D NET,PENDING, orodha ya vyote vilivyokwama katikati, na V NET,TERM ya kukata kikao kimoja kwa SID yake (namba ya kikao) bila kugusa vingine. Kijana akitoka kwenye MVS ya 1981 lazima umkalishe tena kwa hayo.

Baya zaidi kwa kazi yetu: kwa mpangilio wa kawaida wa furushi, terminali za Hercules ni za karibu (zimeungwa moja kwa moja na mtambo) na si za SNA, mfumo wa mtandao wa IBM. Hakuna PU, yaani kidhibiti kinachobeba terminali, juu yake. Na katika simu ninazopokea usiku, tatizo mara nyingi ni la ngazi: umeamuru PU izimike, nayo haiwezi kuzimika kwa sababu LU moja (terminali au printa) chini yake, mara nyingi printa ambayo hakuna anayeikumbuka, bado ina kikao. Unaangalia PU, unailaumu PU, kumbe tatizo liko chini. Hilo nililazimika kulichora kwenye karatasi.

Halafu siku hizi terminali nyingi huingia kwa TN3270, itifaki ya kubeba terminali za 3270, kupitia TCP/IP, na huko ukishughulika na VTAM peke yake unapapasa gizani. Unaanza na D TCPIP,,TELNET,CONN upate namba ya muunganisho, kisha unaukata kwa V TCPIP na DROP. Na kama wapangaji waliweka mipangilio ya TIMEMARK na SCANINTERVAL vizuri, seva yenyewe ingeshagundua kuwa mteja kafa kabla hujapigiwa simu. Hercules na MVS 3.8j havikuonyeshi lolote kati ya hayo.

Maelezo ya matumizi ni mengi ila yameandikwa na watu waliozeeka na mtambo huu, wanaruka hatua wanazoona ni dhahiri. Mgeni kabisa atachoka. Usaidizi kwa Kiswahili usiutafute.

Kwa hiyo nani aichukue? Mwendeshaji anayeanza, au mwalimu wa vyuo vyetu anayetaka wanafunzi waguse konsoli yenye mamlaka yote bila hofu ya kumharibia mtu kazi. IBM Z Xplore nayo ni bure na ina z/OS ya kweli, lakini mle wewe ni mwanafunzi kati ya wanafunzi, hupewi nafasi ya kuzima mtandao wa wenzako. Mtu aliyeajiriwa tayari kwenye z/OS na anayetaka kujifunza SNA ya ndani asipoteze bando, aombe kazini mfumo wa majaribio.

Mimi nimeibakiza kwenye laptopu. Wiki ijayo kijana anaanza zamu zake mwenyewe, na nimemwekea sharti moja: FORCE haiandikwi mpaka anipigie simu aniambie nani kaishika.