Lipa namba dukani kwangu: chenji ndiyo iliyonishawishi

Nina duka la rejareja Mbagala, Dar es Salaam, na lipa namba, yaani namba ya duka ambayo mteja analipia kwa simu, ninayo tangu 2019. Sikuiweka kwa ajili ya usalama, niliiweka kwa sababu ya chenji. Mteja wa kwanza asubuhi anataka sukari nusu kilo, anakupa noti ya 10,000. Unakimbilia genge la jirani, naye hana. Ukibahatika kuipata, bado mia moja ya mwisho unamfidia kwa pipi mbili, anaondoka amenuna. Sasa analipa kamili kwa simu, yameisha.

Wateja nao wana sababu zao. Dereva mmoja wa bodaboda huniambia hela ya mfukoni huyeyuka, ya kwenye simu angalau anaifikiria kabla ya kubonyeza. Wengine wanakwepa makato ya kutoa kwa wakala. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Julai 2021 niliona noti zikirudi kwa kasi, hata waliokuwa wamezoea simu wakaiogopa.

Upande wangu makato yapo, na mwanzoni yaliniuma, kwa sababu kila jioni nilikuwa natoa hela yote. Kosa lilikuwa langu. Nilipoanza kumlipa muuza jumla wangu wa Kariakoo kwa simu hiyohiyo, umeme na kodi ya fremu vilevile, sehemu kubwa ya hela ikawa inazunguka bila kutolewa. Hapo ndipo nilipoona faida.

Kero? Mtandao uligoma jioni ya kuamkia Idi, duka limejaa. Niliandika majina kwenye daftari, wawili mpaka leo sijawaona. Kubwa zaidi ni meseji feki. Kijana alinionyesha kwenye simu yake kwamba muamala umekamilika, nikampimia mchele kilo tano, kwangu haikuingia hata shilingi. Tangu siku hiyo mzigo hautoki mpaka meseji iingie kwenye simu ya duka, na jina nalisoma kwa sauti. Kuna wanaokasirika. Wakasirike tu.

Zamani nilibandika vibao vitatu ukutani, kila mtandao na chake. Siku hizi mteja wa mtandao mwingine analipa kwenye namba hiyohiyo, nimebakiza kimoja.

Kopo la pipi bado lipo kaunta, ila sasa watoto wanazinunua.