Ushauri nasaha kwa wagonjwa wa saratani Tanga: uzoefu wangu

Kikundi cha ushauri nasaha ninachohudhuria hapa Tanga mjini nakisifu kwanza kwa hili: hakuna aliyeniambia nijikaze. Tangu nikatwe titi na kumaliza mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, neno hilo nimelisikia mtaani kwetu Ngamiani kote. Jikaze, mshukuru Mungu, wenzako wameshazikwa. Namshukuru sana, lakini usingizi ulikuwa hauji.

Mwanasaikolojia wetu kiumri ni kama mwanangu, ila sote tunamwita dada. Alituacha kwanza tuseme hofu zetu. Bibi mmoja wa Pangani alilia kipindi kizima na hakunyamazishwa.

Ndipo likaja zoezi: andika majibu manne ya swali "mimi ni nani?", kisha tazama saratani imegusa lipi na lipi limesalia. Dada alitueleza kuwa limetoka kwenye tiba ya William Breitbart, daktari wa magonjwa ya akili wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, aliyeijenga juu ya mawazo ya Viktor Frankl, daktari wa akili wa Austria aliyenusurika kambi za Wanazi, kuhusu mtu kutafuta maana hata akiwa mashakani. Mimi niliandika mama, mjane, Mwislamu, fundi cherehani. Hilo la mwisho lilinikaba koo, maana cherehani ilikuwa imefunikwa shuka na mkono wa upande uliokatwa ulikuwa unavimba. Dada akauliza: huo mwili ulio nao sasa, hauna kazi ya kumpa fundi?

Nikashona sidiria yenye kifuko ndani. Pamba tupu ni nyepesi, sidiria inapanda upande mmoja, kwa hiyo nachanganya na mtama mkavu kidogo mpaka mabega yakae sawa. Sasa nawashonea na wenzangu, taratibu, mkono ukichoka naacha.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, mabadiliko ya namna hii wanayaita ukuaji baada ya kiwewe, na dodoso lao la maswali 21 la mwaka 1996 tulilijaza. Dada alisisitiza kwamba maumivu na ukuaji hukaa pamoja, kwamba asiyejiona amekua hajashindwa kitu, na kwamba ukuaji huo hauponyi saratani: dawa na kliniki ziko palepale. Kwa kauli hiyo tu nilimwamini.

Kasoro zipo. Vipindi ni asubuhi katikati ya wiki, na wa Muheza au Lushoto nauli inamshinda. Nilikotibiwa mwanzo hawakunitajia huduma hii hata kwa kupitiwa, nimeijua kwa mgonjwa mwenzangu. Wanaume nao hawaji. Mzee mmoja mvuvi wa Sahare, mwenye saratani ya tezi dume, alikuja akakaa karibu na mlango, akatusikiliza wanawake tukiongelea matiti na vizazi, hakurudi tena. Wawekewe kikundi chao, na mshauri mwanamume, hata kama wataanza watatu.