OneLook: tovuti ya kutafuta maneno ya Kiingereza kwa herufi ulizonazo

Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari jijini Dodoma, na kila Jumamosi asubuhi nasimamia kundi la wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wanaocheza Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vyenye herufi na alama. Wengi wao wametoka shule za msingi walikosomeshwa kwa Kiswahili, lugha inayosomeka kama ilivyoandikwa, na sasa wamekutana na Kiingereza, ambamo herufi mbili zinaweza kukaa katikati ya neno bila kutoa sauti yoyote. Nilihitaji chombo cha kunitafutia maneno yenye herufi fulani ili niandae mazoezi yao. Programu ya kwanza niliyoipakua kwenye simu ilikuwa na matangazo mengi mno, hata nikaifuta siku ya pili. Sasa natumia OneLook muhula wa pili mfululizo, na nimeona niwaandikie walimu wenzangu nilichokikuta.

OneLook ni tovuti isiyolipiwa, na hutafuta katika kamusi nyingi kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kuandika neno zima akapata maana yake, lakini kwangu mimi uzuri wake umo katika alama. Alama ya kuuliza hushika nafasi ya herufi moja usiyoijua, na kinyota hushika nafasi ya herufi zozote, ziwe nyingi au zisiwepo kabisa. Nikiandika ?ight napata fight, light, might, night, right na tight, pamoja na eight, ambalo limeandikwa kama wenzake lakini halitamkwi kama wao. Neno hilo moja lilinipa kipindi kizima. Wiki iliyofuata niliandika *ough, nikawasomesha wanafunzi cough, dough, rough na through kwa sauti, nao wakasikia wenyewe kwamba herufi nne zilezile za mwisho zina matamshi manne.

Aliyeshika herufi zilizovurugika huanza na mikwaju miwili (//). //alert huleta alter, later na pia ratel, neno ambalo sikuwa nimewahi kulifundisha. Nilipowaambia kwamba ratel ni nyegere, mwanafunzi mmoja anayetoka Manyoni, wilaya yenye wafugaji wengi wa nyuki, alisimama akatueleza namna mnyama huyo anavyobomoa mizinga, na tangu siku ile hakuna aliyelisahau neno hilo. Kama zinajulikana herufi mbili tu, nazo zinaweza kuwa popote ndani ya neno, zinaandikwa baada ya mikwaju na kuongezewa alama za kuuliza hadi urefu unaotakiwa: //zb??? huleta maneno ya herufi tano yenye Z na B, yakiwemo zebra na blaze.

Lakini alama niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kutoa, ambayo huwekwa mwishoni ili kuondoa herufi usizozitaka. Anayecheza Scrabble anaijua taabu ya Q. Katika vigae 100 vya Kiingereza Q ni kimoja tu, chenye alama 10, na vigae vya U ni vinne, kwa hiyo mwanafunzi aliyekariri kwamba Q lazima ifuatwe na U hubaki nacho mkononi hadi mchezo uishe. Niliandika *q*-u, yaani maneno yenye Q yasiyo na U. Miongoni mwa yaliyokuja yalikuwamo qadi, talaq, faqir na niqab. Wanafunzi hawakuhitaji kamusi, kwa maana kadhi, talaka, fakiri na nikabu ni maneno yao ya kila siku. Kiswahili na Kiingereza vimeyachukua Uarabuni, kila lugha ikayaandika kwa namna yake. Nimefundisha miaka mingi, na ni mara chache nimeona darasa likifurahia tahajia kiasi kile.

Jambo moja la kuzingatia ni kwamba tovuti hii hukusanya kila kilichomo katika kamusi inazozipitia, yakiwemo majina ya nchi na mafungu ya maneno. Ukitafuta maneno ya Q utamwona Qatar naye yumo, ilhali majina ya pekee hayakubaliki katika Scrabble. Kwa sababu hiyo haifai kuwa mwamuzi. Mashindano mengi ya nje ya Amerika Kaskazini hufuata orodha ya Collins ya maneno yanayokubaliwa, na sisi pia huamulia ugomvi wetu huko. Tena maelezo yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili lazima iwe karibu. Intaneti ya shuleni kwetu haitegemeki, hivyo natafuta nikiwa nyumbani Ijumaa usiku na kuyanakili maneno kwenye karatasi.

Wakati wa mchezo simu zote hukaa mezani kwangu. Mchezo ukiisha, kila mwanafunzi huandika herufi saba zilizomshinda, nami huzitafuta mbele yao kwa bando langu, tukaona neno lililokuwa limejificha mkononi mwake.