Uzoefu wangu wa servisi ya IST hapa Dar, nilicholipa na kilichofanyika kweli

Nina Toyota IST ya 2004, ile ya injini ndogo ya 1.3 (2NZ-FE), nimeichukua mwaka 2021 ikiwa na kilomita 109,000 kwenye dashibodi na sasa hivi iko 155,000 na kitu. Naishi Mbezi, kazi yangu iko Posta, kwa hiyo kila siku ni Morogoro Road asubuhi na jioni, na foleni ya pale Kimara mpaka Ubungo kila anayepita anaijua. Naandika kwa sababu miaka miwili ya mwanzo nililipa hela za servisi bila kujua nalipia nini, na nilipokuja kujua iliniuma kweli, afu nina uhakika wapo wengi wako palepale nilipokuwa, hasa sisi wadada ambao tukifika gereji tunaulizwa "dada unataka fulu servisi?" na tunajibu ndiyo tu.

Gereji ya kwanza nilielekezwa na jirani. Gereji ya mtaani ya uwazi, fundi mchangamfu, ananijali, gari ikitoka imeoshwa na stika ya kilomita imebandikwa kwenye kona ya kioo. Bei yake ilikuwa haibadiliki, 180,000, "kila kitu humo dada angu". Mi nikawa nalipa kila baada ya miezi minne hivi. Siku moja sikuwa na haraka nikasema leo nakaa hapahapa kwenye benchi mpaka imalizike, na hapo ndo nikaona. Oili ikamwagwa, filta ya oili ikabadilishwa, ea filta ikatolewa ikapulizwa na kompresa ikarudishwa ileile, plagi hazikuguswa, tairi hazikufunguliwa hata moja. Boneti ikafungwa. Nikamuuliza na plagi vipi, akasema ziko poa bado. Nikauliza mara ya mwisho ulizibadilisha lini, akanyamaza akaanza kufuta mikono na tambara.

Nikafanya hesabu palepale kwenye simu. Kopo la oili ya 20W-50 (hiyo ni namba ya uzito wa oili) aliyoweka lilikuwa 40,000, filta tuseme 8,000, ufundi nikampa 25,000 ya haki yake kabisa. Inakuja 73,000. Ile 107,000 iliyobaki ilikuwa inaenda wapi miaka yote miwili mpaka leo sijajibiwa.

Kilichonitoa pale kabisa ni taimingi belti. Aliniambia imechoka, ikikatika njiani injini inakufa, tubadilishe kwa 250,000. Niliogopa sana maana hiyo hela sikuwa nayo nikaanza kufikiria nani wa kukopa. Kabla sijampa nikaenda Gerezani Kariakoo kuulizia bei ya hiyo belti, muuzaji wa duka la kwanza akaniangalia akasema dada hiyo injini haina taimingi belti, ina cheni. Nikaenda duka la pili, jibu lilelile. Na ni kweli, 2NZ-FE inatumia cheni ya chuma, haina ratiba ya kubadilishwa kama belti, belti unayoiona pembeni ya injini ni ile ya nje inayozungusha oltaneta na kompresa ya AC. Hiyo ikipasuka nyufa unabadilisha na haifiki hata robo ya hela aliyonitajia. Sikurudi tena kwa yule fundi.

Baada ya hapo nikaenda upande wa pili kabisa, gereji kubwa ya kampuni, mapokezi yana kiyoyozi na kahawa. Nikaomba bei ya maandishi. Wakanipa karatasi ya 465,000 kabla ya VAT, ukiweka asilimia 18 inafika 548,700. Sikuwa na uwezo huo na sikufanya servisi pale, ila ile karatasi naishukuru mpaka leo, kwa sababu ndo mara ya kwanza kuona servisi imechambuliwa mstari kwa mstari, oili lita ngapi na ya namba gani, filta ipi, kazi ya saa ngapi. Ndani yake kulikuwa na kusafisha injini kwa dawa 45,000 na kuosha injekta (zile zinazopuliza petroli kwenye injini) 60,000, nikauliza hizi ni za lazima kwa gari yangu? Kijana wa mapokezi alikuwa muungwana, akasema kama oili unabadilisha kwa wakati na gari haitetemi ikiwa sailensa (imesimama injini inawaka) wala haili mafuta kuliko kawaida sio lazima. Kwa hiyo 105,000 ingepungua kwa swali moja tu.

Sasa nipo kwenye gereji ya tatu, iko njia ya Goba, ndogo tu, magari sita yakiingia imejaa. Hii ndo naifanyia rivyu hasa na naipa nyota 4 kwa 5. Bei za ufundi wamebandika ukutani: servisi ndogo 25,000, kubwa 50,000. Spea unaweza kuja nazo mwenyewe hawanuni. Na kitu kilichonifanya niwaamini ni lita 3.7. Injini yangu ukibadilisha oili pamoja na filta inachukua lita 3.7, kopo lina lita 4, na mafundi wote wa nyuma walikuwa wanamimina kopo zima mpaka tone la mwisho. Huyu akapima, akawasha dakika chache, akazima, akasubiri ishuke, akachomoa kijiti akanionyesha iko kwenye alama, afu kopo lenye oili iliyobaki akanikabidhi niweke kwenye buti. Oili ikizidi sana injini inaichapa inatoa povu, na povu hailainishi chuma. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Basi bei zangu ni hizi, ni nilizolipa mimi kwa spea nilizonunua Kariakoo, zako zinaweza kupanda au kushuka kutegemea brandi na duka. Servisi ndogo nafanya kila kilomita 5,000: oili ya 5W-30 nusu sintetiki 75,000, filta ya oili 12,000, washa, yaani karingi ka nati ya kumwagia oili, 1,000 (ndogo lakini ukirudishia ya zamani inaweza kuvujisha), ufundi 25,000, jumla 113,000. Kubwa naifanya kila 20,000, hapo naongeza ea filta 18,000, filta ya AC ambayo iko nyuma ya ile droo ya mbele ya abiria 12,000, plagi nne za kawaida 40,000, na ufundi unakuwa 50,000 kwa sababu wanafungua tairi zote wanasafisha breki na kuangalia bushi na boljointi (viungo vya chini kwenye miguu ya gari). Jumla 208,000. Ukipenda plagi za iridiamu ni ghali zaidi ila zinakaa muda mrefu sana, mi nitazinunua awamu ijayo nikijaliwa.

Mwaka jana nilifanya ndogo mbili na kubwa moja, 434,000. Kwa fundi wa kwanza ningelipa 180,000 mara tatu yaani 540,000, kwa oili ya bei chini na ea filta ambayo nilipoitoa Goba ilikuwa nyeusi kama mkaa, fundi aliigonga chini mara moja tu vumbi likajaa. Gari ilikuwa nzito kupanda mlima nikawa nadhani ni uzee wake.

Kuhusu hizo kilomita 5,000 watu hubishana, wengine wanasema oili nzuri inafika 10,000. Inaweza, kwa mtu anayetembea Dar mpaka Moro barabara imenyooka. Mimi naweza kukaa saa mbili kutoka Mbezi mpaka mjini, injini inazunguka muda wote huo lakini kilomita zinazosomeka ni 25 tu. Oili inachoka kwa masaa pia, vumbi na joto juu yake, na hata watengenezaji wenyewe kwenye vitabu vyao wanaweka ratiba fupi zaidi kwa gari ya foleni na vumbi. Kwa hiyo 5,000 sijutii.

Vitu vingine havimo kwenye servisi ya kawaida na hapa ndo bajeti nyingi zinavunjika kwa sababu hatuvitegemei. Oili ya giaboksi ya IST hii ni Type T-IV, imeandikwa kwenye kijiti chenyewe cha giaboksi, nilinunua kopo la lita 4 kwa 90,000, zilitoka kama lita tatu hivi nyeusi, wakarudishia kipimo kilekile kilichotoka, ufundi 20,000. Gia zikaanza kuingia laini siku hiyohiyo. Tafadhali usikubali uwekewe oili yoyote ya giaboksi iliyopo dukani eti zote ni sawa, hazifanani. Brekipedi za mbele nilibadilisha gari ikiwa 148,000, pedi 45,000, nyuma ni dramu zilitaka kusafishwa na kurekebishwa tu. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kwenye hewa, inashauriwa kila miaka miwili yabadilishwe, mi sikuwahi kusikia mtu akitaja hilo gereji ya kwanza hata mara moja.

Na rejeta, ile ya maji ya kupoza injini. Hapa nilisikitika zaidi. Fundi wa Goba alifungua kifuniko (injini ikiwa baridi, usithubutu ikiwa ya moto) maji yakatoka rangi ya chai ya rangi. Yalikuwa maji ya bomba, yameshaanza kuleta kutu ndani. Wakasafisha mara tatu mpaka yakatoka safi, kulanti (maji maalumu ya rejeta) 35,000, ufundi 15,000. Hamsini elfu ile imeniokoa na kuua silinda hedi, kwa sababu gari ikichemka kwenye foleni ya Kimara saa nane mchana huna pa kuipeleka.

Kwa nini sio nyota 5? Jumamosi foleni ni kubwa, niliwahi kufika saa mbili asubuhi nikatoka saa tisa. Hawapokei simu vizuri. Na mara moja hawakufunga vizuri lile plastiki la chini ya injini, nikawa nasikia mlio wa kugonga njia nzima mpaka kazini, nikarudi kesho yake wakafunga bure na wakaomba radhi. Risiti ya EFD lazima uidai mwenyewe, idai.

Ukinunua oili Kariakoo usifuate wale wanaokushika mkono barabarani wakupeleke dukani, bei inapanda na huwezi jua unapelekwa wapi. Angalia sili ya kifuniko kabla ya kulipa, na oili ikishaisha tupa kopo likiwa limetobolewa, maana makopo matupu mazima yanaokotwa na kujazwa oili chafu iliyochujwa. Mi kopo langu natoboa na bisibisi palepale gereji. Spea ya zamani pia naomba nionyeshwe kabla haijatupwa, na hakuna fundi wa kweli aliyewahi kukasirika.

Nina daftari dogo kwenye droo ya gari, tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei. Kila mwezi natenga 45,000 kwenye simu, siigusi kwa kitu kingine. Servisi ijayo ni kwenye 159,000, ni ndogo, filta na washa nimeshanunua ziko nyumbani, imebaki oili tu.