Area C hadi Mjini kwa Kitimwendo: Tathmini ya Njia na Usafiri wa Dodoma

Kwa miezi 3, tangu mvua zilipokata mwezi Aprili hadi upepo wa Julai ulipoanza kutimua vumbi, nimekuwa nikiandika katika daftari kila safari niliyoifanya kwa kitimwendo kati ya nyumbani kwangu Area C na mjini kati, mara nyingi nikielekea Nyerere Square na siku chache nikiendelea hadi Sabasaba. Ninachokitathmini ni huduma isiyo na mwenye duka, yaani uwezekano wa mtu asiyetembea kutoka kwake asubuhi na kufika mjini bila kubebwa. Kiti changu ni cha kawaida, cha kukunjwa, chenye upana wa sentimita 66 na magurudumu ya mbele yenye kipenyo cha sentimita 15. Msomaji akivishika vipimo hivyo viwili, ataelewa karibu malalamiko yangu yote.

Nianze na yaliyo mazuri. Tangu Serikali ilipohamia hapa na Dodoma kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, katikati ya mji kumepatikana vipande vya njia za waenda kwa miguu ambavyo zamani havikuwapo: vitofali vilivyopangwa sawasawa, upana unaoruhusu viti viwili kupishana, na miti michache ya kivuli. Kwa anayesukuma pete za chuma saa saba mchana, kivuli hicho si pambo, kwani chuma kikishapata jua huchoma viganja. Katika vipande hivyo nimekwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, nikizungumza na mwenzangu bila kukodolea macho ardhi.

Shida iko kwenye maungio. Ipo njia panda moja niliyoipima kwa futi ya fundi: mteremko wa kushukia barabarani umejengwa vizuri, lakini unaishia kwenye ukingo wa sentimita 4 juu ya lami. Magurudumu ya mbele yakigonga hapo kiti husimama ghafla, mwili nao ukaendelea na safari. Nilipoanguka mara ya kwanza, muuza karanga aliyekuja mbio kuniinua alitazama chini kwa muda mrefu akitafuta kilichoniangusha, asikione. Upande wa pili wa barabara hiyo hiyo kuna ukingo wa sentimita 18 usio na mteremko wowote. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi inataka kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu, kwa hiyo pale palihitajika mteremko wa mita 2 na ushei. Kwa kuwa haupo, narudi barabarani na kusukuma kiti pembeni ya lami pamoja na bodaboda, hadi nitakapolikuta geti ambalo ukingo wake umeshushwa ili magari yapite. Inachekesha kidogo kwamba gari lilifikiriwa kupanda njia ya waenda kwa miguu kabla yangu.

Mitaro sitaizungumzia sana, ila niseme kwamba mifuniko yake ya zege, pale ilipo, huachana kwa nafasi inayotosha kumeza gurudumu dogo. Mchanga ndio unaonisumbua zaidi. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, lakini inapoondoka huacha mchanga juu ya vitofali, na mchanga wa unene wa vidole viwili huchosha mabega kuliko mlima. Kisha kuna mbigili. Baada ya kuziba pancha mara 5 katika mwezi mmoja, niliachana na tairi za upepo nikafunga za mpira mtupu. Pancha zimekwisha, ingawa sasa kila kiungo cha vitofali nakihesabu kwa uti wa mgongo. Hata hivyo, kwa mkazi wa Dodoma bado nashauri mpira mtupu, walau wakati wa kiangazi.

Daladala ninazozipata kwa wingi ni Coaster. Ngazi ya kwanza iko juu, mlango ni mwembamba kuliko kiti kilichofunguliwa, na njia ya katikati hujaa abiria. Ili nipande, konda hunikamata kwapani, abiria mmoja hushika miguu, na mwingine hukikunja kiti na kukisukumia nyuma ya dereva. Kazi hiyo huchukua dakika 2 au 3, nazo ndizo zinazonigharimu, kwani dereva ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, na gari linalomfuata linaweza kumpita na kuzoa abiria wa kituo cha mbele. Ndiyo maana siwachukii madereva wanaonipita. Siku moja walinipita 7 mfululizo nikiwa juani. La nane liliposimama, konda aliniambia, "Mzee, hicho kiti nacho kitalipa nauli." Nililipa. Nilipomuuliza kitapewa siti ya wapi, gari zima lilicheka, naye akacheka, lakini hela hakurudisha.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga rampu ya bati mlangoni. Nimepiga hesabu: hata sakafu ya gari ikiwa sentimita 60 tu juu ya lami, kwa kanuni ile ile rampu ingefika mita 7, yaani karibu urefu wa Coaster yenyewe. Kinachotakiwa kupanda ni kituo. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, yalijengewa vituo ambavyo sakafu yake inalingana na ya basi, na hapo abiria wa kitimwendo hategemei ukarimu wa konda, anategemea dereva asogee vizuri karibu na jukwaa.

Bajaji ndiyo iliyoniokoa. Sakafu yake iko chini na haina mlango, hivyo nahama kutoka kitini hadi siti ya nyuma kwa mikono yangu mwenyewe, kiti kikafungwa nyuma kwa mpira. Kasoro ni bei, kwani safari moja hula nauli ya daladala ya watu watano au sita, na kwa anayekwenda mjini kutafuta riziki kila siku, hesabu hiyo haiingii.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria Namba 9 ya 2010, kwa hiyo sheria si kitu tunachokosa. Mimi ningeomba jambo dogo zaidi: kabla mkandarasi wa barabara hajalipwa malipo ya mwisho, mhandisi anayeipokea kazi akae kwenye kitimwendo na kuipita njia yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kusukumwa.

Kwa alama za 10, bajaji naipa 7, vipande vipya vya njia 6, na maungio yake 2. Daladala naipa 1, na hiyo 1 ni ya konda wa gari la Nkuhungu ambaye, kabla hajanigusa, aliinama akaniuliza, "Nikushike wapi, mzee, usiumie?"