Tuisheni ya jioni ya sarufi ya Kiingereza, Ngamiani, Tanga

Inawafaa hasa wanaoandika barua za kuomba kazi. Somo la apostrofi, yaani alama ya ’, ndilo bora kuliko yote: ukikwama kati ya “its” na “it’s”, soma “it is” au “it has” mahali pake, sentensi ikikataa, ondoa alama.

Mkato nao unafundishwa kwa undani. Kiswahili huruhusu “Alifika, akaketi”, kwani -ka- huunganisha vitendo. Kiingereza hakina kiambishi hicho, hivyo “He arrived, he sat down” ni kosa. Weka nukta, nuktamkato au “and”.

Udhaifu uko kwenye “he” na “she”. Yeye yetu haibagui jinsia, kwa hiyo kosa la kuchanganya maneno hayo mawili hutoka mdomoni na dawa yake ni mazoezi ya kuzungumza. Hapa wanafunzi wanagawiwa karatasi tu, jambo linalosikitisha.