Wikipedia ya Kiswahili: uzoefu wangu wa kuisoma na kuihariri

Nafundisha jiografia sekondari, na Wikipedia ya Kiswahili naifungua karibu kila wiki. Naipa nyota nne kati ya tano. Kinachonirudisha ni kata. Kamusi elezo hii, iliyoanza 2003, ina makala za kata nyingi sana za Tanzania, hata zile ambazo kwingine mtandaoni huzikuti kwa Kiswahili. Mwanafunzi akiona kata ya kwao imeandikwa, somo linamkaa.

Ila kila namba isome pamoja na mwaka wake. Kuna makala za kata zenye idadi ya watu ya sensa ya 2012, na sisi tulihesabiwa tena 2022, tukatoka milioni 44.9 tukafika 61.7. Niliwahi kunukuu namba bila kutazama mwaka, ikabidi nirudi darasani kusahihisha. Siku hizi nafungua kwanza historia ya ukurasa: nani kagusa, lini, kabadilisha nini. Ukurasa uliopita mikononi mwa wengi na wenye tanbihi nauamini. Ulioandikwa na mtu mmoja ukaachwa miaka, naanzia hapo tu, kisha natafuta kwingine.

Kuhariri nako kumenifundisha. Niliweka asili ya jina la kijiji chetu kama alivyonisimulia bibi. Baada ya siku chache ikaondolewa: haina chanzo. Niliumia, maana chanzo ni bibi mwenyewe! Nikauliza kwenye ukurasa wa majadiliano, mhariri mmoja akanieleza kwa upole kwamba panatakiwa maandishi yaliyochapishwa, ambayo msomaji mwingine anaweza kuyafuata. Naikubali kanuni hiyo, bila yake kila mtu angejitungia lake. Lakini vijiji vyetu vingi havijawahi kuandikiwa kitabu, na wanaojua habari zake ni wazee wasioandika. Kanuni inayozuia uongo inayaacha nje na ya kweli waliyonayo wazee hao. Nyota ya tano nimeizuia hapo.

Takwimu za 2022 nilizoweka, nikataja ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zipo mpaka leo. Simulizi ya bibi nimeirekodi kwenye simu, na mwenzangu wa somo la historia ameanza kukusanya za wazee wengine wa kata, tukitafuta pa kuzichapisha.